Noti ya dola mbili: maswali tunayoulizwa dirishani na majibu yake

Nafanya kazi kwenye duka la kubadilisha fedha katikati ya Kampala, na hakuna noti inayoleta ubishi kama dola mbili ya Marekani. Wapo wanaoambiwa ni bandia wakati ni halali kabisa. Wapo wanaoambiwa ina thamani ya gari wakati ni dola mbili tu. Wote hao hupoteza pesa, na inaniuma kwa sababu ukweli wa noti hii hauna siri yoyote. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila mara, ya wateja wa mjini na ya wafanyabiashara wa mipakani, Busia, Elegu na Mpondwe.

Je, kweli kuna noti ya dola mbili?

Ipo. Marekani leo inachapisha noti za aina saba: dola 1, 2, 5, 10, 20, 50 na 100. Ya dola mbili ina hadhi ileile ya wenzake. Mbele ina sura ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo na mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Nyuma kuna kundi la wanaume ukumbini, wengine wamekaa na wengine wamesimama mbele ya meza. Mtu akikuletea noti ya dola 200 au ya dola milioni moja, hiyo ni karatasi ya mapambo. Ya dola mbili ni pesa.

Mbona basi maduka mengi ya kubadilisha fedha hapa Uganda yanaikataa?

Sababu ni tatu, na ni vizuri kuzitenganisha ili ujue unabishana na nani.

Ya kwanza ni kutoizoea. Keshia amefundishwa kutafuta vitu fulani kwenye dola: kichwa kikubwa, rangi zaidi ya kijani na nyeusi, uzi ndani ya karatasi, alama ya maji ukiinua noti kwenye mwanga. Dola mbili haina hata kimoja kati ya hivyo. Kichwa cha Jefferson ni kidogo, kimefungwa ndani ya duara la yai kama dola za zamani. Keshia ambaye hajawahi kuiona anailinganisha na dola 100 yenye utepe wa buluu aliyoishika dakika moja iliyopita, na moyo wake unamwambia airudishe. Simlaumu sana, maana akipokea bandia hasara hukatwa kwenye mshahara wake.

Ya pili ni biashara. Duka hununua dola ili liziuze, na wanunuzi wetu wakubwa ni watu wanaokwenda kuchukua mzigo Dubai au Guangzhou. Hao wanataka noti za 100, mpya, zilizonyooka. Ndiyo maana kwenye ubao wa bei unaona noti za 50 na 100 zina bei yake na noti ndogo zina bei ya chini. Dola mbili iko mwisho kabisa wa foleni hiyo. Hata keshia anayejua ni halali anajiuliza atamuuzia nani.

Ya tatu ni hiari. Noti hii ni fedha halali nchini Marekani. Hapa kwetu fedha halali ni shilingi, na dola ni mali ya kigeni ambayo duka linanunua likitaka. Kwa hiyo usipoteze asubuhi yako kumtishia keshia kwa sheria. Mwombe amwite msimamizi, au nenda duka la jirani. Anachokosea keshia ni kutangaza "hii ni feki" mbele za watu bila kuipima. Kukataa kununua ni haki yake, lakini kumchafua mteja si haki ya mtu yeyote.

Ubaya huu si wa Afrika peke yake. Mwaka 2005, katika jimbo la Maryland, Marekani kwenyewe, mteja mmoja alilipa deni la dola 114 kwa noti 57 za dola mbili akaishia kwenye pingu. Wino wa baadhi ya noti ulikuwa umechafuka kidogo, mfanyakazi akaita polisi. Alikaa mikononi mwao mpaka ofisa wa Secret Service, idara inayoshughulika na noti bandia, alipokuja na kuthibitisha kwamba pesa zote zilikuwa safi.

Bado inachapishwa, au zilizopo ni mabaki ya zamani?

Bado inachapishwa. Hili ndilo jibu ninalotamani kila mtu aondoke nalo, kwa sababu uongo mwingi umejengwa juu ya dhana kwamba mtambo ulizimwa zamani.

Utaratibu uko hivi. Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, hupanga kila mwaka ni noti ngapi za kila aina zinahitajika. Huangalia benki za biashara zimechukua kiasi gani, zimerudisha kiasi gani, na ni noti ngapi zimechakaa zikaharibiwa. Kisha hutoa oda kwa kiwanda cha serikali cha kuchapa noti, kilicho chini ya Wizara ya Fedha, na gharama ya uchapishaji hulipwa na Federal Reserve yenyewe.

Kwa dola moja au dola ishirini, oda hutoka kila mwaka bila kukosa. Dola mbili hazichakai haraka, kwa kuwa nyingi zimelala kwenye droo, kwenye bahasha za zawadi na kwenye vitabu vya kumbukumbu. Zisipochakaa hazihitaji kujaziwa upesi. Kwa hiyo kuna miaka oda yake haitoki kabisa, na ikitoka inatosha miaka kadhaa. Mtu akisoma orodha ya mwaka mmoja asiione dola mbili, anakimbilia kuandika kwamba imefutwa. Haijafutwa, bado kuna akiba.

Kiwanda hicho kina nyumba mbili: Washington, na Fort Worth katika jimbo la Texas, iliyofunguliwa mwaka 1991. Dola mbili za miaka ya karibuni nyingi zimetoka Fort Worth. Ukiwa na macho mazuri, au kioo cha kukuza, tafuta upande wa mbele herufi ndogo FW kando ya namba ya bamba la kuchapia. Hiyo ndiyo alama ya Texas.

Idadi yake nayo huwashangaza watu. Mwishoni mwa mwaka 2017 zilikuwa nje kiasi cha noti bilioni 1.2, na tangu hapo zimeongezeka. Noti bilioni moja na ushee haziwezi kuitwa nadra. Zimefichwa tu.

Inachapishwaje?

Karatasi yake si ya mti. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na hutengenezwa na kampuni ya Crane ya Massachusetts, ambayo imekuwa ikiipa serikali ya Marekani karatasi ya noti tangu mwaka 1879. Ndani yake kumetawanywa nyuzi ndogo nyekundu na buluu. Hazichapwi juu, zimo ndani ya karatasi yenyewe, na ukiwa na subira unaweza kuinua ncha ya mmoja kwa sindano.

Picha huchongwa kwenye bamba la chuma. Wino hujazwa kwenye mifereji ya mchongo, bamba hupanguswa juu, halafu karatasi hukandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka iufuate wino ndani ya mifereji. Ndiyo maana ukipitisha ukucha kwenye koti la Jefferson unasikia mikwaruzo. Upande wa nyuma, ule wa kijani, hupigwa kwanza, huachwa ukauke kwa saa 72, kisha upande wa mbele hupigwa kwa wino mweusi. Mwisho kabisa huja namba za mfululizo na mihuri. Noti nyingine hupewa kwanza rangi laini ya chini kabla ya mchongo, lakini ya dola moja na ya dola mbili hurukwa hatua hiyo, na ndiyo maana zinaonekana kavu mbele ya dola 20 yenye vivuli vya rangi ya chungwa.

Kama ziko bilioni, kwa nini hazionekani mikononi mwa watu?

Kwa sababu ya mazoea mabaya ya zaidi ya miaka mia, na kwa sababu ya upendo pia.

Zamani Wamarekani wengi waliiona kama noti ya watu wa kamari. Dau la kawaida kwenye mbio za farasi lilikuwa dola mbili, na ilisemwa pia kwamba wanasiasa walinunua kura kwa noti hiyohiyo. Mtu akionekana nayo anajieleza ametoka wapi. Wengine waliamini ina mkosi, wakachana pembe moja ili kuuondoa, na noti za zamani zenye pembe zilizokatika bado zipo. Maduka nayo yalikuwa na droo za pesa zisizo na nafasi yake. Mwaka 1966 Wizara ya Fedha ikasimamisha uchapishaji, kwa kuwa hakukuwa na mtu anayezitaka.

Miaka 10 baadaye, tarehe 13 Aprili 1976, siku ya kuzaliwa kwa Jefferson, zikarudi. Marekani ilikuwa ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, na hesabu ilikuwa kwamba dola mbili zitapunguza mzigo wa kuchapa dola moja. Zilipigwa zaidi ya milioni 500. Wananchi wakazipokea kwa furaha na kuziweka kabatini kama ukumbusho. Wengine walizipeleka posta siku hiyohiyo, wakabandika stempu juu ya noti na kuigongesha muhuri wa tarehe. Hazikuzunguka, serikali ikaona zimejaa, na kwa karibu miaka 20 hakukuchapwa nyingine mpaka toleo la mwaka 1995.

Hapo ndipo ulipo mduara: watu wanazificha kwa kuwa wanadhani ni nadra, na zinaonekana nadra kwa kuwa wanazificha.

Kuna wachache wanaofanya kinyume kwa makusudi. Mashabiki wa timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha Clemson, huko South Carolina, tangu mwaka 1977 husafiri na noti za dola mbili walizozigonga alama ya unyayo wa chui milia, ili mji wanaokwenda uone wametumia kiasi gani. Ukikutana na noti yenye unyayo huo, ni ya huko.

Sura yake imewahi kubadilika?

Mara nyingi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Noti ya kwanza ya dola mbili ya serikali ya Marekani ilitoka mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na haikuwa na Jefferson. Ilikuwa na Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, ambaye leo yuko kwenye dola 10. Jefferson aliingia mwaka 1869. Mwaka 1896 ikaja moja ambayo wakusanyaji wengi wanaiona kuwa kati ya noti nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa Marekani: wanawake waliovaa mashuka ya Kirumi, Sayansi akiwakabidhi Biashara na Viwanda watoto wawili, Mvuke na Umeme. Mwaka 1899 akawekwa George Washington. Toleo la mwaka 1918 lilikuwa na meli ya kivita nyuma.

Noti hizo zote zilikuwa kubwa kuliko za leo. Kuanzia toleo la mwaka 1928 Marekani ilipunguza ukubwa wa noti zake zote, Jefferson akarudi mbele, na nyuma ikawekwa nyumba yake ya Monticello iliyoko Virginia. Matoleo ya 1928, 1953 na 1963 yana muhuri na namba nyekundu, kwa kuwa zilitolewa na Wizara ya Fedha moja kwa moja. Za kuanzia 1976 hutolewa na Federal Reserve, na muhuri wake ni wa kijani.

Mwaka 1976 upande wa mbele uliguswa kidogo tu. Kilichobadilika ni nyuma: Monticello iliondoka, ukaingia mchoro wa John Trumbull ambao nakala yake kubwa imetundikwa katika jengo la Bunge la Marekani. Tazama kwa makini. Wengi husema ni kutia saini Azimio la Uhuru, lakini anachoonyesha Trumbull ni kamati ya watu watano ikiwasilisha rasimu mbele ya wajumbe. Hao watano ndio waliosimama mbele ya meza: John Adams, Roger Sherman, Robert Livingston, Jefferson, na Benjamin Franklin. Mrefu anayeweka karatasi mezani ni Jefferson. Kwa hiyo yupo pande zote mbili za noti yake. Mchoro ulikuwa mpana mno kwa noti, na baadhi ya waliokaa pembeni waliachwa nje.

Itabadilishwa lini, kama dola 100 ilivyobadilishwa?

Hakuna mpango wa kuibadilisha. Federal Reserve imesema hivyo waziwazi, na sababu yake inaeleweka.

Marekani haibadilishi noti kwa ajili ya urembo. Hubadilisha ili kuwatangulia watengenezaji wa bandia. Mhalifu anayejisumbua kuchapa pesa haramu atachapa ya 20, inayopita madukani kwao, au ya 100, inayosafiri mpaka kwetu. Dola mbili itamgharimu jasho lilelile, na kila atakayeipokea ataitazama mara mbili. Noti isiyoigizwa haihitaji ulinzi mpya, na ulinzi mpya ni ghali.

Ndiyo maana wimbi la mwisho liliiruka. Dola 20 ilibadilishwa mwaka 2003, 50 mwaka 2004, 10 mwaka 2006, 5 mwaka 2008, na 100 mwaka 2013. Wimbi linalofuata nalo linairuka. Ratiba iliyotangazwa inaanza na dola 10 mwaka 2026, kisha 50 mwaka 2028 na 20 mwaka 2030, halafu 5 na 100 baadaye. Dola moja na dola mbili hazimo. Ya dola moja inalindwa na kifungu cha sheria ya bajeti kinachokataza fedha za umma kutumika kuibadilisha. Ya dola mbili haina kifungu kama hicho. Imeachwa kwa kuwa hakuna haja.

Mwenye neno la mwisho juu ya sura ya noti ni Waziri wa Fedha wa Marekani. Akiamua kesho, inaweza kubadilishwa. Lakini picha unazotumiwa kwenye WhatsApp zikiwa na rangi za kupendeza na maneno "dola mbili mpya" ni kazi za wachoraji wa kompyuta. Usimnunulie mtu yeyote "toleo jipya" kwa bei ya juu.

Maoni yangu? Kwetu sisi tulio mbali, kubadilishwa kungesaidia. Noti yenye alama ya maji na uzi ingekubalika hapa Kampala bila kelele. Lakini Marekani haichapi noti kwa kumfikiria keshia wa Kampala, na kwa upande wao hesabu inawaunga mkono.

Ikibadilishwa, nilizo nazo zitakufa?

Hapana. Noti zote zilizotolewa na serikali ya Marekani tangu mwaka 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Toleo jipya haliui la zamani.

Najua hofu hii inatoka wapi. Wazee wetu waliona noti zenye sura ya Idi Amin zikiondolewa baada ya yeye kuanguka mwaka 1979. Mwaka 1987 shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30. Mtu aliyekuwa na akiba kwenye godoro hawezi kusahau. Ila hayo yalikuwa ya shilingi yetu, na dola haijawahi kufanyiwa hivyo.

Tatizo la dola za zamani liko kwenye maduka ya huku, yanayozinunua kwa bei ya chini au kuzikataa. Hilo ni la soko letu, na ni kweli linaumiza.

Nitajuaje kwamba niliyonayo si bandia?

Anza na vidole. Karatasi iwe ngumu kidogo, yenye mlio, na wino mweusi wa mbele uwe na mikwaruzo unayoisikia. Kisha tafuta zile nyuzi nyekundu na buluu. Angalia uso wa Jefferson kwa kioo cha kukuza: mistari ya mashavu na macho iwe kamili, isiyokatika wala kuvujiana. Bandia nyingi hupigwa kwa printa, na printa huacha vitone vya rangi badala ya mistari.

Namba ya mfululizo iko mara mbili mbele, kwa kijani. Zilingane tarakimu kwa tarakimu, zipangwe kwa usawa, na rangi yake ifanane na ya muhuri wa Wizara ya Fedha ulio kulia. Herufi ya kwanza ya namba hiyo, kuanzia A hadi L, inataja mojawapo ya benki 12 za Federal Reserve, na ilingane na herufi iliyo katikati ya muhuri mweusi wa kushoto. Mtu anayechapa kwa haraka husahau hilo.

Usitafute uzi wala alama ya maji, kwa sababu havimo. Ukimulika kwa taa ya kukagua noti, karatasi isiwake nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, na usitarajie mstari wowote wa rangi. Usiisugue kwa maji wala mate.

Mwaka ulioandikwa una maana gani?

Ni mwaka wa toleo, si mwaka wa kuchapwa. Hubadilika muundo ukibadilika au akija Waziri mpya wa Fedha na saini yake. Noti yenye 2013 inaweza kuwa imepigwa miaka kadhaa baadaye. Matoleo utakayokutana nayo zaidi ni 1976, 1995, 2003, 2003A, 2009, 2013 na 2017A.

Nimeona mtandaoni kwamba dola mbili moja inauzwa maelfu ya dola. Ni kweli?

Kuna chembe ya kweli iliyotumika kujenga uongo mkubwa.

Noti za karne ya 19, kama zile za mwaka 1890 na 1896, zinaweza kufika mamia au maelfu ya dola zikiwa katika hali nzuri. Namba za ajabu nazo hutafutwa: tarakimu zote zinazofanana, au namba ndogo sana yenye sifuri nyingi mbele. Noti yenye nyota mwishoni mwa namba ni ya kujazia nafasi ya nyingine iliyoharibika kiwandani, na baadhi ya matoleo yake huongezewa bei. Zenye muhuri mwekundu za 1953 na 1963, zikiwa zimetumika, kwa kawaida huzidi thamani yake kwa dola chache tu.

Ya mwaka 1976 na kuendelea, yenye muhuri wa kijani, namba ya kawaida na mkunjo katikati, ni dola mbili. Kwa kiwango cha miaka hii ni kama shilingi elfu saba hivi.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu anakupigia au kukuandikia kwamba ana mnunuzi wa Ulaya, noti yako ni ya mamilioni, ila kwanza utume pesa kidogo ya cheti, ya uthibitisho au ya usafirishaji. Huyo ni tapeli. Mnunuzi wa kweli huomba picha safi ya pande zote mbili, hutaja bei, na hulipa yeye. Nimeona mama akiuza mbuzi ili alipie "cheti" cha noti ya elfu saba. Tafadhali waonye wazazi wenu kijijini kabla simu haijawafikia.

Imechanika kidogo. Je, inafaa?

Marekani, ndiyo. Serikali yao hulipa hata noti iliyoharibika vibaya, mradi zaidi ya nusu yake ibaki na itambulike. Hapa kwetu mchaniko mdogo unatosha ukataliwe, na kuituma Washington kutakugharimu kuliko dola mbili zenyewe.

Nafanya biashara Mpondwe. Wenzetu wa Congo wanaipokea?

Upande wa Congo dola ni pesa ya kila siku sokoni, na hiyo imewafanya wawe wakali kuliko sisi. Noti yenye tundu la pini au ncha iliyoliwa hurudishwa papo hapo, hata ikiwa ya 100. Kwa dola mbili, ushauri wangu ni usiichukue kama malipo ya mzigo isipokuwa unajua tayari ni nani atakayeipokea kwako. Vilevile Elegu, kwa wanaovuka kwenda Sudan Kusini.

Kwa nini sisi elfu mbili tunaitumia bila shida?

Swali zuri, la kijana wa boda. Noti yetu ya shilingi 2,000, ile yenye samaki, ilikuja na toleo la mwaka 2010 na ikazoeleka upesi. Ilijaza pengo kati ya 1,000 na 5,000 ambalo kila mwenye duka alikuwa akilisikia kwenye chenji. Wamarekani walikuwa na dola moja mifukoni mwao muda wote, na hiyo iliwatosha.

Ndugu yangu anakuja kutoka Marekani. Nimwambie aniletee?

Kama ni za zawadi au za kuwafundishia watoto historia, ndiyo. Atembelee benki yake na aziombe kwa jina. Ikiwa hazipo kwenye droo, benki inaweza kuagiza kutoka Federal Reserve. Kiwanda cha noti nacho huuza karatasi nzima zisizokatwa kwa wakusanyaji, kwa bei inayozidi thamani yake. Kama lengo lako ni kubadilisha upate shilingi, mwambie alete za 50 au 100. Na ikibidi alete za dola mbili, achague za toleo la 2013 au 2017A, asizikunje, azilaze katikati ya kitabu. Hizo ndizo tunazozinunua dirishani kwetu bila kumwita msimamizi.